Sweta la Kuombea Mvua

Waipa za magari zikianza kukwaruza vioo vilivyojaa vumbi, siku mvua inapoifikia Doha, mimi husisimka mpaka leo. Ni mlio mbaya, unatia ganzi meno, lakini nikiusikia tu, nina miaka saba tena na sweta la shule nimelivaa ndani nje.

Ngojeni niwaeleze. Bibi, mama yake baba, alitoka Wete, Pemba, kuja kututembelea Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye nyumba yetu ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya juu kabisa. Baba, aliyekuwa dereva wa hoteli, alitamani abaki nasi. Mimi nilitamani zaidi, maana nililala naye kitanda kimoja na hadithi zake hazikuisha. Lakini kila akichungulia dirishani alisema, "Mie nikae nchi haina hata wingu? Nirudisheni kwetu." Nikayachukua maneno yale kama yalivyo: ikinyesha, Bibi haondoki.

Wiki ile ile Baba akanipeleka kwenye sala ya kuomba mvua. Imamu aligeuza joho lake ndani nje, wanaume nao wakageuza shuka na makoti, kumwomba Mungu awageuzie hali. Nami nikageuza sweta. Watoto wenzangu waliogeuza yao waliyavaa sawasawa walipofika nyumbani, mimi nikakataa. Siku tisa! Mama aligomba, "Mishono nje kama punguani! Watu watatuonaje?"

"Mpaka inyeshe," nikamjibu.

Ikanyesha Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Ngurumo moja ilitikisa madirisha, na mtaa mzima ukamwagika nje. Wapishi wa mkahawa wa chini walitoka na aproni zao, wenye magari wakashusha vioo makusudi walowe, wanaume wazima wenye kanzu nyeupe wakarushiana maji ya madimbwi, simu zote juu zikipiga picha. Bibi alishuka ngazi zote miguu mitupu, kanga kaifunga kiunoni, akasimama katikati ya magari akiwa amefumba macho na kufungua mdomo. Nilimrukia.

"Bibi, imenyesha! Huondoki tena!"

"Imenyesha, mjukuu wangu! Haya, siondoki!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilijiona mimi ndiye niliyeileta mvua Qatar nzima, na furaha ilinijaa nikapiga mayowe.

Tulipopanda juu tukichuruzika maji, tulikuta dari inavuja. Baba na Mama walikuwa wanaburura godoro kutoka nyuma ya kochi, limeloa chapachapa, na shuka zao zimeviringishwa humo humo. Kila alfajiri walikuwa wakilificha kabla Bibi hajaamka, naye akiamini wanalala kwenye kochi la kukunjua.

"La wageni hilo, mama," Baba akasema haraka.

 Bibi alitupa jicho kwenye mlango wa chumba tulicholala mimi na yeye, kisha akashika pembe moja ya godoro akawasaidia kulibeba.

Jumatatu tukamsindikiza uwanja wa ndege. Alisema mvua ya huku ina baridi mno, mifupa yake haiiwezi. Nililia kwa hasira. Nilimwona mwongo, kigeugeu, mtu asiyejua anachotaka.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Bibi alikuwa tayari kubaki, ila hakuwa tayari mwanawe alale chini kwa ajili yake. Wala asingejua, lau mimi nisingeiomba ile mvua.