Karani Nusu

Siku ya tatu ya mwezi wa Shaabani, mwaka wa ndui, tulimzika mwalimu wetu hapa Kindu, na chuo kikafungwa. Nilikuwa nimesoma juzuu saba za Kurani. Zile nyingine sikupata tena mtu wa kunisomesha.

Arobaini yake ilipopita nilikwenda kuomba kazi kwa bwana mmoja mfanyabiashara wa pembe za ndovu, mtu wa pwani aliyejenga ukingoni mwa mto Lualaba. Alitaka karani, maana yeye mwenyewe hakujua kusoma.

"Umehitimu?"

"Hapana, bwana. Nimeishia juzuu ya saba."

"Sema umehitimu. Barua ya mhitimu ina uzito, na huku nani atakupima?"

"Mwalimu alikufa kabla hajanifikisha. Sitasema alinifikisha."

Nyapara wake, mkubwa wa watu wenye bunduki, akacheka. "Basi huyu ni karani nusu, bwana. Mupe nusu ya mukeka akalie."

Jina likanishika. Sikulikataa, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Ninyi mnaosoma leo hamkuiona kazi ile. Kalamu tulichonga kwa tete, wino tulipika kwa masizi na utomvu. Tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina ve, basi fe ilibeba sauti zote mbili. Sauti za a, i na u ziliwekwa kwa alama ndogo juu na chini ya herufi, nazo ndizo irabu. O nayo iliazima alama ya u. Karani mwenye haraka aliziacha, akamwachia msomaji akisie.

Mwaka wangu wa pili ilikuja barua kutoka kituo chetu cha upande wa juu wa mto, mwendo wa siku mbili kwa mtumbwi. Niliisoma barazani: "Wazee wa kijiji wameleta..." Nikakwama hapo. Neno lilikuwa fe na te, na irabu ya mwisho haikuwamo. Mbele yake: "Leta watu upesi."

"Wameleta nini?" bwana akauliza.

"Ama fito za kujengea, ama vita. Sijui."

Nyapara alikwisha simama. "Muntu gani anaitiwa fito upesi? Ni vita. Bunduki ziko tayari."

"Sema moja," bwana akaniambia. "Mhitimu aliyekutangulia angejua."

"Angesema anajua, bwana. Mimi naona fe na te."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Herufi hazitaongezeka."

Vijiji vingi vilichomwa kwa barua fupi kuliko hiyo, na nyumba yetu ya biashara ilikuwa na mkono humo. Nilijua hivyo, ndiyo maana sikukisia.

Bwana alinitazama sana. "Basi nenda wewe ukaulize, bila bunduki. Kama ni vita, utatangulia kujua."

Nilikwenda na wapiga kasia wawili. Siku ya pili, kabla ya kugusa ukingo, niliona rundo la fito refu kuliko nyumba, na wazee watatu wameketi juu yake.

"Mumekawia," mmoja akasema. "Fito zinakauka. Wajengaji wako wapi?"

Niliporudi na habari, nyapara hakuomba radhi. Alisema tu, "Karani Nusu ana bahati." Nikamjibu kwamba bahati haikuwamo katika barua ile.

Nilimwandikia bwana yule miaka mingi, hapa na vituoni. Sasa macho hayaoni nukta, nami nimeweka kalamu chini. Nikiulizwa kisomo changu, bado nasema juzuu saba.

Siku za mwisho za kazi ile, serikali ya wazungu ilipokaribia, bwana alifunga mizigo arudi pwani. Aliniita nimwandikie barua ya kunisifu kwa yeyote atakayeniajiri.

"Andika: huyu amehitimu."

Niliandika, kisha akaniamuru nimsomee. Nikasoma nilivyoandika: "Huyu hakuhitimu."

Akaweka vidole juu ya sanduku la muhuri.

"Umeweka irabu zote?"

"Zote, bwana."

Akaupaka muhuri wino, akaugonga.