Mikunjo ya Mtu Aliyekufa Kijana

Niliporudi Migori na shahada ya sanaa, katika miaka ya tisini, watu waliniuliza shahada hiyo inafundisha nini. Nilifundisha uchoraji katika shule moja ya upili kwa muda, kisha nikapata kazi ambayo ilikuwa ngumu zaidi kuieleza: niliwapaka waigizaji wa televisheni majeraha, makovu na uzee. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba ninafanya kazi ya saluni, nami sikumsahihisha. Jikoni kwake ndiko nilikofanyia majaribio, nikichemsha sukari na rangi nyekundu mpaka ikawa nzito kama damu. Siku moja jirani aliyekuja kuomba chumvi alinikuta nikichambua maharagwe kwa mkono ulioonekana kuchanika hadi mfupani. Tangu siku hiyo chumvi akaiombea kwingine.

Uzee ulikuwa mgumu kuliko damu. Jeraha huonekana mara moja na kupita. Mzee huketi mbele ya kamera na kuzungumza, na mtazamaji anapata nafasi ya kumchunguza. Vitabu nilivyovisoma chuoni vilielekeza kuchora mikunjo kwa penseli ya kahawia. Juu ya ngozi zetu penseli hiyo ama haikuonekana, ama ilionekana kama uchafu ambao mtu amesahau kuunawa. Ikanibidi nianze upya. Nilikwenda sokoni kuwatazama wazee, nikaona kwamba uzee wetu hauko katika mistari tu. Ngozi hupoteza mng'ao wake, hugeuka kijivu kuzunguka midomo, na kope hulegea kama pazia lililofuliwa mara nyingi.

Njia niliyoishia kuitumia ilikuwa hii: naivuta ngozi ya mwigizaji kwa vidole, naipaka utomvu wa mpira kwa kipande cha sponji, naukausha kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha naiachilia. Ngozi inaporudi mahali pake, inarudi imekunjamana. Wakati wote huo mwigizaji haruhusiwi kuongea wala kucheka, kwa sababu mkunjo unaokauka mtu akicheka hubaki unacheka, hata katika tukio la mazishi.

Kampuni moja ndogo kutoka Nairobi ilikuja Homa Bay kutengeneza mchezo wa televisheni kuhusu familia inayogombania shamba. Nafasi ya babu alipewa mwalimu mmoja wa Sindo, mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, kwa sababu ya sauti yake nzito. Tulipanga nyumba karibu na ziwa, nami nikapewa chumba chenye dirisha kubwa. Siku ya kwanza nilipomaliza kumpaka, alichukua fimbo na kofia akaenda dukani kununua soda. Wanawake waliouza nyanya kando ya barabara walimpisha.

"Jaduong', keti hapa kwanza," mmoja alimwambia, kwa neno ambalo Waluo humwitia mzee kwa heshima.

"Nina haraka, mama."

"Haraka ya nini na hiyo miguu? Ama umetoroka hospitali?"

Alirudi akiwa amefurahi mno, na kicheko chake kilikuwa kimeng'oa kazi yangu yote ya shavu la kushoto.

Habari zilifika Sindo kabla hajaenda nyumbani. Kabla ya wiki hiyo kwisha, mama yake alikuja. Alikuwa mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwembamba, aliyejifunga leso mbili, na alinikuta nikipanga sponji zangu. Mimi ni Mkuria, Kiluo changu ni cha salamu tu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Chake kilikuwa cha sokoni, changu cha darasani, na tulielewana vizuri.

"Wanasema wewe unazeesha watu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi sikungoja wewe," alijibu, akajicheka.

Kisha akaniambia alilolijia. Mume wake alikufa kwa homa mtoto wao angali akinyonya. Hakukuwa na picha. Iliyokuwepo ilikuwa ya kitambulisho, na kitambulisho kiliteketea nyumba iliposhika moto. Ila mtoto alikua akawa baba yake mtupu, mpaka mwendo.

"Kwetu mjane anaitwa *chi liel*, bibi ya kaburi," alisema. "Bwana yako ni huyo huyo mpaka uende. Sasa yeye alienda kijana, na mimi niko hapa nazeeka peke yangu. Siku nitamfuata, ataona huyu mama mzee, atauliza, huyu ni mama ya nani? Nataka nimwone akiwa mzee kama mimi. Mara moja tu. Nijue tunafanana."

Aliyasema haya bila huzuni, kama mtu anayetaka kupimiwa nguo. Nilimwambia kwamba siku hiyo mwanawe angepakwa kwa ajili ya kamera hata hivyo, na kwamba angemwona kabla hajapelekwa mbele ya mwongozaji. Alishukuru, akatoa ombi moja: "Mvi usiweke mingi. Watu ya kwao hawaoti mvi haraka." Akaenda kungoja barazani, juu ya mkeka.

Sidhani niliwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama asubuhi ile. Niliyalegeza macho, nikaishusha mikunjo ya mdomo, nikautia ukingo wa nywele mvi chache tu, kama nilivyoagizwa. Mwalimu hakucheka hata mara moja. Alijua ni kwa ajili ya nani.

Alitokea barazani polepole, akiiegemea fimbo. Mama yake alisimama. Alianza kutabasamu, nami niliuona mwanzo wa tabasamu hilo. Kisha macho yake yakaanguka chini. Aliivuta leso ikafunika mabega, akarudi nyuma mpaka akatoka kwenye mkeka, akachuchumaa ubavu ubavu, uso ukielekea ukutani, akamsalimia kwa Kiluo kwa sauti ya chini kama ya msichana.

Mwanawe alicheka. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Basi niangalie."

"Siwezi kuangalia. Huyu ni baba mkwe."

Nilielewa kabla hajaeleza, kwa kuwa hata kwetu mke hamkodolei macho baba wa mumewe. Mume wa mama huyu, kama angezeeka, angefanana na baba yake mwenyewe. Na baba huyo alikuwa ameishi miaka mingi, katika boma lile lile alikopelekwa yeye akiwa bibi harusi. Alimpikia, akamwekea chakula mlangoni na kuondoka. Alimpisha njiani. "Hata siku ya kumzika," aliniambia baadaye, "mimi niliona miguu tu." Mimi nilikuwa nimemtafuta mume katika uso wa mwana, nikampata mzee ambaye mwili wa mwanamke huyu ulifundishwa kumkwepa.

Mwalimu alijaribu kumsaidia. Alivua kofia, akaitupa fimbo, akasimama wima kama kijana. Kila alipomsogelea, mama yake alisogea mbali, na wote wawili walikuwa wakicheka na kuona aibu. Mwongozaji akaita. Mwalimu akaenda kuigiza, naye mama akabaki pale pale, akivichezea vishada vya mkeka.

Jioni nilipokuwa nikimbandua mwalimu utomvu ule kwa mafuta, mama yake aliingia, akachukua kitambaa, akamsafisha nyuma ya masikio. Nilidhani yamekwisha.

Alirudi siku yetu ya mwisho Homa Bay. Alikataa kiti.

"Umefanya kazi mzuri, mwanangu," alisema. "Lakini sasa nikifunga macho nikimtafuta, anakuja yule mzee."

Nilimwuliza kama hapo awali mumewe alikuwa akija.

"Kila siku. Nikianika omena, anakuja. Na shati yake ya mistari. Sasa shati inakuja, uso ni ile yako." Hakulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza mahali panapouma. "Hakuna dawa ya kurudisha?"

Nilimwelewa, na ndiyo sababu nilimketisha mwanawe tena, nijaribu kumrudisha ujanani. Nilimnyoa ndevu. Nilimpaka mafuta mpaka ngozi ikang'aa, nikaufuta weusi chini ya macho, nikabandika utepe kwenye panja na kuuvuta nyuma chini ya kofia, jambo nililolisoma tu na sikuwa nimelijaribu. Sanaa yangu yote ilikuwa ya kuongeza miaka, kuipunguza sikujua. Tena mwalimu yule alikuwa amekwisha kumpita baba yake umri kwa mbali. Hapakuwa na siku yoyote katika uso ule ambayo baba yake aliifikia.

Mama yake alimwinua kidevu, akamtazama kwa muda mrefu, safari hii bila kuyashusha macho.

"Huyu ni mwanangu," alisema, akamfungua utepe taratibu asimwumize.

Mchezo ulipoonyeshwa, niliutazama Migori pamoja na mama yangu. Alimsifu babu yule, akataka kujua ni mzee wa wapi. Nilimwambia ni wa Sindo. Niliendelea na kazi hiyo miaka michache, na majeraha niliyapaka kwa moyo mweupe. Ila kila nilipoletewa kijana wa kuzeeshwa, nilijikuta nikiuliza kwanza kama wazazi wake wapo, na waongozaji walinishangaa.

Nilimwona mjane yule mara moja tu baada ya hapo, sokoni Sindo. Alikuwa amezeeka hasa, bila msaada wa mtu. Alinitambua, akanipimia omena kopo zima la gorogoro, akaongeza konzi juu, kisha nyingine, kama anavyoongezewa binti wa nyumbani. Nilitaka kumwuliza kama yule wa shati la mistari alirudi. Nyuma yangu wanunuzi walikuwa wakisukumana, naye alikuwa ameinama akinifungia omena kwa gazeti, akitabasamu peke yake kwa jambo fulani. Niliuangalia uso wake nikijaribu kusoma, mimi niliyejidai kuzijua nyuso, na sikuambulia kitu. Nilipokea omena zangu, nikashukuru, nikampisha mteja aliyefuata.