Mtaa Usiofunga Mapazia

Johannesburg ilinichosha mapema, kabla hata sijazijua njia zake. Mwaka 2008, fujo za kuwafukuza wageni zilipofika Alexandra nilikokuwa nimepanga, nilishinda mchana kutwa chumbani nimefunga pazia, nimelala sakafuni kando ya cherehani yangu, nikijifanya hakuna mtu. Waligonga kwa jirani, kwangu wakapita. Tangu siku hiyo pazia lililofungwa mchana silipendi, na nasema mapema ili huko mbele nisionekane mtu wa visa.

Nikahamia Turffontein, kusini mwa jiji, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Nilipata chumba cha uani kwa bibi mmoja Mwingereza, mjane, mkavu kama dagaa wa kwetu Kigoma, na ulimi wake ulikuwa mkali vilevile. Hakuniuliza karatasi wala dini. Aliniuliza kama najua kushona mapazia. Nikamwambia mimi ni fundi, aniletee hata ngozi ya tembo nitaishona. Akacheka, akanipa ufunguo. Kitambaa nilikinunua kwa Wasomali wa mtaa wa Mayfair, humohumo jijini, nilipokwenda kuswali Ijumaa, kizito, rangi ya zambarau, nikamshonea mapazia ya madirisha ya mbele. Aliyapapasa pindo kwa kidole, akasema hayana kasoro. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya nguo, ambako mvua, alisema, inakuja na kukaa kama shemeji asiye na kazi. Mumewe aliletwa huku kutengeneza mitambo ya migodini, naye akamfuata angali msichana wa kiwandani. Nyumba za kwao zilishikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, na kamba za nguo zilivuka barabara. Kila Ijumaa wanawake walipiga magoti nje wakasugua ngazi za milango yao kwa jiwe mpaka zikawa nyeupe. Asiyesugua alisemwa mpaka akakoma.

Na kule Turffontein, uzee wote ule, bado alipiga magoti.

"Bibi, inuka, utaumia!"

"Unataka watu wanione mchafu?"

Watu gani? Majirani zake wa zamani, Waingereza na Wareno, walikuwa wameshauza nyumba wakahama. Tuliobaki ni sisi: Wakongo, Warundi, Wanaijeria, watu wa Zimbabwe, familia nzima chumba kimoja, na kila mtu anawahi kibarua chake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama ngazi ya mtu. Mwishowe nikawa naisugua mimi, huku nanung'unika, maana kumtazama kulinichosha kuliko kusugua.

Kitu kimoja chake nilikipenda sana. Huko kiwandani mitambo ya kufuma ilipiga kelele mpaka sauti ya mtu haikusikika, hivyo wanawake walizungumza kwa mdomo mtupu, bila sauti, wakiyavuta maneno kwa midomo ili mwenzao ayasome kutoka upande wa pili. Basi cherehani yangu ikiwa inanguruma, Bibi alisimama dirishani kwangu na kunisemesha hivyohivyo. Chai tayari. Paka wa jirani kajisaidia tena kwenye maua. Yule mchungaji ana mke wa pili, nakwambia. Nilijifunza kumsoma, na baadaye kumjibu. Tulisengenya mtaa mzima bila kutoa sauti. Wallahi, sijapata kucheka katika jiji lile kama nilivyocheka mle chumbani.

Mara moja alikwenda kwao kutembea. Alirudi kabla ya siku zake, akaweka sanduku ukumbini, akakaa bila kuvua koti. Kiwanda, akasema, kimekuwa nyumba za matajiri. Nusu ya mtaa imebomolewa, nusu nyingine wanakaa watu wa kutoka Pakistani, wamemkaribisha chai vizuri tu, lakini hakuna hata mmoja anayejua mama yake alikuwa nani. Duka la kona halipo. Alisema alisimama mbele ya mlango wa kwao mpaka mtu akamuuliza kama amepotea.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo."

Na mimi kwetu Kigoma nikipiga simu, kila ninayemuulizia wananiambia alishakufa, au yuko Dar. Wanangu wenyewe, wanaokaa na baba yao, nikiwasemesha Kiswahili wananijibu kwa Kizulu. Nilimpikia uji, akanywa. Kesho yake asubuhi nikamsikia getini akilalamika kwamba siku hizi Turffontein imejaa wageni. Nikamuuliza, "Bibi, na mimi je? Na wewe mwenyewe?" Akasema nisimchoshe.

Siku ile ndipo aliponieleza habari ya mapazia. Kwao mtu akifa, mtaa wote ulifunga mapazia ya mbele, hata waliokuwa hawasemezani na marehemu, na yakabaki hivyo mpaka jeneza lipite. Ndivyo mtaa ulivyosema: tumejua kwamba umeondoka. Mama yake alipokufa, yeye alikuwa huku, na dada yake akamwandikia kwamba hapakuwa na dirisha hata moja wazi. Lakini mumewe alipokufa hapa Turffontein, alitoka akaangalia juu na chini. Madirisha wazi, muziki unapigwa, mtu anaosha gari.

"Sitaki kuliliwa," akasema. "Nataka mtaa ujue tu. Ungeniahidi?"

Nilikuwa nimeshamsimulia ya Alexandra, kwa hiyo alijua anaomba nini. Nikapiga moyo konde nikamwambia, "Nitafunga, Bibi. Na wengine nitawaambia." Sikulala vizuri kwa ahadi ile. Kwetu msiba ni milango wazi, mikeka nje, masufuria jikoni, na asiye na kazi ya kufanya anakaa tu ili aonekane amekaa. Mtaa uliofungwa mchana kweupe mimi naujua kwa woga peke yake.

Alikufa majira ya baridi, mwaka 2013, kitandani mwake. Mimi ndiye niliyemkuta nilipompelekea chai. Mwanawe pekee akaja kutoka Australia, mtu mpole mwenye haraka, akasema maiti itatoka mochwari moja kwa moja hadi kanisani, na nyumba itauzwa. Nilimsihi gari la maiti lipite kwanza mtaani. Akaniangalia kama mtu anayedai urithi. Nikamweleza habari ya mapazia. Akaweka simu mfukoni, akasema kwamba mama yake alikuwa akimsimulia hayo utotoni. Akakubali lipite.

Nikaanza kugonga mageti. Niliongozana na jirani yangu msusi, Mkongo wa Uvira, ambaye mimi naye ziwa letu ni moja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Kila nyumba maelezo yaleyale, miguu inauma, baridi inakata.

"Tufunge pazia mchana? Kwani polisi wanakuja?"

"Eish, mama, sisi hatuna pazia, tuna blanketi."

"Basi funga blanketi!"

"Sharp, mama, sharp."

Wote walisema sharp, yaani sawa. Msusi peke yake ndiye ambaye hakusema kitu, na kwa mwanamke yule kunyamaza ilikuwa habari mbaya. Nilikuwa nimechoka mno hata sikumuuliza.

Siku yenyewe nikaingia chumba cha mbele cha Bibi mapema, nikakaa nikisubiri. Gari la maiti lilipojitokeza kwenye robot, taa za barabarani za kona, nikachungulia mtaa. Lo! Hakuna dirisha hata moja lililofungwa. Walikuwa wamefungua kila kitu, mageti, milango, hata gereji. Wamebeba viti vya plastiki mpaka barabarani. Kuna sufuria la maharage juu ya moto. Wakongo wamevaa sare ya kwaya, Warundi wamejipanga nyuma yao, na wale wa blanketi wamelitandika chini wakakalia.

Nilitoka mbio mpaka getini. "Niliwaambia mfunge! Niliwaambia nini mimi?"

"Dada," msusi akanijibu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "tufunge mlango na mufu anapita? Kwetu anayejificha msiba ukipita ni muchawi. Na ule mama, hapa hakuna aliyemuloga. Kwetu tunaimbaka."

"Yeye alitaka kufungiwa!"

"Alitaka aonekane. Si ndivyo ulisema?"

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na ahadi. Nikarudi ndani, nikayafunga yale mapazia ya zambarau niliyoyashona mwenyewe, dirisha moja baada ya jingine. Chumba kikawa giza. Nikasimama katikati, na woga wa Alexandra ukaja wote, masikio yakisubiri mlango ugongwe. Huko nje nyimbo zikapanda. Nikasikia gari likisimama mbele ya geti. Niko ndani kwa sababu yake, na yeye yuko nje.

Kikagongwa kioo. Nilishtuka nikataka kulala sakafuni. Kikagongwa tena. Nikafunua pazia kidogo, nikamwona msusi na mikono ya unga, anasema kitu, lakini kwa kwaya ile sauti yake haikufika kwangu. Haikuwa na haja. Midomo nilikuwa najua kuisoma.

Toka. Anaondoka.

Nikatoka. Nilipita kwenye ngazi ya mlango, nyeupe, niliyoisugua jana yake bila kuombwa na mtu. Watu wakanipisha. Mwanawe alikuwa amesimama kando ya gari, koti mkononi, mama mmoja wa Kirundi amemshika bega kama amemzaa yeye, naye analia waziwazi. Nikageuka nikautazama mtaa, juu na chini, kama Bibi alivyoutazama siku ya mumewe. Milango yote wazi, watu wote nje, na madirisha yaliyofungwa mapazia yalikuwa ya nyumba moja tu, ya kwake.

Dereva akawasha gari. Nilitaka kumwambia Bibi neno, lakini kwa nyimbo zile hata ningepiga mayowe nisingesikika. Nikasogeza uso kwenye kioo cha nyuma, karibu na jeneza, nikasema kwa mdomo mtupu, polepole, nikiyavuta maneno kama alivyonifundisha.

Wamejua, Bibi. Mtaa mzima umejua.