Kiti Chenye Komeo

Fundi Rula aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa mtu wa kukadiria. Ukimwambia unataka meza "kubwa kidogo", anakukazia macho mpaka unaona haya na kurudi nyumbani kupima chumba. Watu walimcheka, lakini kabati zake hazikuyumba. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake alishinda kiwandani akipakia sabuni kwenye maboksi. Kwa hiyo mjukuu wake wa miaka minane, akitoka shule, alikuwa wa kwake mpaka jioni.

Mjukuu huyo walimwita Cheche, na wala hawakutia chumvi. Alikula amesimama. Alijibu swali kabla halijaisha. Alianza kufagia maranda, na kufumba na kufumbua ufagio umelala chini, yeye yuko juu ya rundo la mbao. Ukimtuma vitu vitatu, alirudi na kimoja, tena kisichokuwa kati ya vile vitatu. Mara moja alipoteza mkoba mzima wa shule njiani, na hakujua aliuweka wapi wala kwa nini. Na roho yake ilikuwa nzuri mno. Akikuudhi, analia kuliko wewe uliyeudhiwa.

Majirani walikuwa na majibu yote, kama kawaida ya majirani. Mara hajachapwa vya kutosha, mara babu anamdekeza, mara mama yake kazi imemzidi. Fundi alijaribu kila alichoambiwa, fimbo ikiwamo, na kila baada ya fimbo yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Kisha mwalimu wa darasa akamwita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Mzee, mimi nina watoto sitini. Huyu wako akinyanyuka, kumi wananyanyuka naye. Kama hawezi kukaa kitako mpaka muhula uishe, mtafutieni shule nyingine."

"Shule nyingine ipi, Mwalimu?"

"Hapo sasa sijui."

Fundi alirudi kwenye karakana yake, akashika tama. Bila shule, mtoto angebaki mtaani kutwa, na kila mtu aliona mwisho wake ungekuwa nini. Basi akafanya kosa ambalo angelifanya seremala tu: aliamua kwamba tatizo ni kiti.

Alimpima mtoto alipokuwa amesinzia mchana juu ya magunia, maana akiwa macho hakupimika. Akachagua mbao nzito ili kiti kisipinduke. Mbele akaweka ubao wa kupita juu ya mapaja, unaofungwa kwa komeo upande wa nyuma, mahali mkono wa mtoto usipofika. Kingo zote alizipiga msasa mpaka zikawa laini, mtoto asije akachubuka. Hakuwahi kutengeneza kiti kwa uangalifu kama ule. Aliifanya kazi ile kwa mapenzi, na hilo ndilo linalouma kulisimulia.

"Ni changu peke yangu, Babu?"

"Chako peke yako."

Cheche alirukaruka, akakaa. Komeo likaingia. Akajaribu kusimama, akashindwa, akamtazama babu yake.

"Babu, kimekwama."

"Hakijakwama, mjukuu wangu. Ndivyo kilivyo."

Mwalimu alifurahi kupita maelezo. Darasa lilitulia, na haukupita muda mwalimu mkuu akaagiza vinne vingine kwa ajili ya wasumbufu wenzake. Siku hizo wateja walikuwa wakimpita Fundi kwenda kununua viti vya plastiki, kwa hiyo kichwa kilimvimba kidogo. Nani asingevimba?

Na Cheche alitulia kweli. Alitulia hata pale ambapo hakufungwa. Daftari lake halikubadilika, mistari ilikuwa ile ile ya kuanzwa na kuachwa, ila sasa hakuuliza kitu. Akaanza kujikojolea darasani, kwa sababu kwenda chooni kulihitaji mtu wa kuja kufungua komeo, na mwalimu alikuwa na sitini. Wenzake wakampa jina jingine, ambalo halifai kuandikwa hapa.

Aliyegundua ni mama yake, siku ya mapumziko, alipokuwa akimwogesha. Mstari wa rangi ya zambarau ulikatiza mapaja yote mawili. Hakupiga kelele. Alimvisha mtoto, akamwambia Fundi avae viatu, wakaenda wote watatu hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Aliuliza ya nyumbani na ya shuleni, hali ilianza lini, na kama mtoto yuko hivyo kila mahali. Kuhusu ule mstari, Fundi aliwahi kujibu kwamba ni wa kukaa darasani tu. Daktari akampima mtoto macho na masikio, akataka mwalimu naye aulizwe. Waliporudi mara ya pili ndipo akasema.

"Huyu si mkaidi. Ubongo wake unapata shida kushika jambo moja na kujizuia. Ni hali inayojulikana, watoto wengi wanayo, na haisababishwi na malezi mabaya. Mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Kuna mwingine kwenu aliyekuwa hivi utotoni?"

Binti alimgeukia baba yake. Fundi akatazama sakafu. Yeye shule aliihama kupitia dirishani, na maisha yake yote hakuwahi kutulia isipokuwa akiwa na mbao mkononi.

"Dawa ipo," daktari aliendelea. "Kidonge asubuhi, na tutamfuatilia uzito na usingizi. Lakini kidonge peke yake hakitoshi. Mwambieni jambo moja tu kila mara. Akifanya vizuri, msifuni papo hapo. Kazi iwe fupi fupi, na katikati aachwe atembee. Mkimlazimisha asitikisike, akili yake yote inaishia kwenye kuvumilia, hakuna inayobaki kwa somo."

"Na kile kiti, Daktari?" binti akauliza.

"Kiti gani?"

Ilibidi Fundi mwenyewe aeleze, na alieleza kwa vipimo, maana hakujua kueleza kwa namna nyingine. Daktari aliweka kalamu chini.

"Kiondoeni leo."

Fundi alikwenda shuleni moja kwa moja. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri.

"Cha mjukuu wako chukua, Mzee. Vingine ni mali ya shule. Wazazi wenyewe wanaviomba."

Kupitia mlango wa darasa Fundi alihesabu viti saba. Yeye alitengeneza vitano. Fundi mwingine alikuwa ameiga, na wala hakujisumbua na msasa. Fundi Rula alieleza maneno ya daktari, akasihi, mwishowe akapandisha sauti, akaombwa kwa heshima zote atoke. Aliondoka na kimoja begani, na watoto waliobaki wakimtazama, hawawezi hata kugeuka vizuri.

Kile kimoja alikikata vipande akakichoma. Dawa ilipopatiwa kipimo chake, Cheche alimaliza ukurasa mzima kwa mara ya kwanza. Mama yake alibishana na mwalimu mpaka mtoto akapewa kazi ya kugawa madaftari, apate kutembea. Fundi naye alijifunza kutuma kitu kimoja. Yote yalikwenda kama daktari alivyosema, ila kicheko cha mtoto hakikurudi.

Mchana mmoja karakanani kiwiko cha Cheche kiligonga kopo, vanishi ikamwagika juu ya mlango uliokuwa tayari kuchukuliwa. Fundi alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Lakini mtoto alikuwa ameshauona uso wake. Alikwenda kwenye kigoda, akakaa mgongo wima, akabana mapaja, akainua mikono juu ili ubao upate kupita.

"Funga, Babu."

"Hakuna cha kufunga, mjukuu wangu. Ni vanishi tu hiyo."

"Funga. Nikiwa wazi nakuwa mbaya."

Fundi alipiga magoti ndani ya vanishi. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Miaka yote alikuwa akimbembeleza mtoto huyu akae. Sasa alimbembeleza asimame, na mtoto hakusimama.