Nevyana na Chachu ya Umande

Nevyana, binti wa kaka yangu Zapryan, alipotuambia anakwenda mjini Plovdiv kusomea bioteknolojia, baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka minne, alisema, ya kujifunza kugandisha maziwa, kazi ambayo bibi yake angemfundisha kabla chai haijapoa. Msichana alimjibu kwamba bibi anajua maziwa yanaganda. Yeye anataka kujua nani anayeyagandisha. Akapanda basi, akaenda zake. Nilimpenda kwa jibu lile, wala sifichi.

Ugomvi wenyewe ulikuja mwaka wa mwisho, wakati wa utafiti wa kuhitimu. Wenzake walichukua chachu za kiwandani, zile za pakiti. Yeye akataka ya kwetu. Kijiji chetu kina jambo moja tu la kujivunia duniani: alfajiri ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi wanawake hukinga umande wa majani, wakautia kwenye maziwa ya kwanza ya kondoo, na maziwa yakaganda. Zapryan ameyaandika hayo kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kibanda chake cha mtindi kando ya barabara, na watu wa mji mkuu, Sofia, husimamisha magari kwa ajili ya ubao ule. Kibanda hicho ndicho kilichomsomesha Nevyana. Basi safari hii kaka yangu alijigamba kwa kila mtu kwamba binti yake anakwenda kuuthibitisha umande kwa darubini.

Nevyana alichukua mtindi kutoka nyumba saba. Majira yote ya baridi alijifungia maabara, akiwaotesha wale bakteria kwenye visahani na kuwapima vinasaba. Aliporudi nyumbani uso ulikuwa umemkaza. Nyumba zote saba zilikuwa na bakteria wa aina moja, na ni walewale wanaotumiwa na kiwanda cha mtindi kinachouza kwenye maduka yote ya mkoa. Umande haukuwa na lake hapo.

Akazunguka kuuliza. Wanawake walimjibu kwa mkato, wengine wakamfungia mlango. Aliyesema ni mama yangu, Bibi Stoyna, ambaye uzee umeshamwondolea haya.

"Chachu yangu ya zamani ilikufa kwa baridi, na umande haukugandisha kitu," alisema huku akimenya viazi. "Ningeomba kwa nani? Siku ya Mtakatifu Georgi hakitoki kitu nyumbani, si moto, si chumvi, si chachu. Ukitoa, umetoa bahati ya kondoo wako. Nikanunua kopo la mtindi dukani, nikalificha chini ya aproni."

"Na wengine, bibi?"

"Kila mmoja alinunua, mjukuu wangu. Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Zapryan yeye alipandwa na hasira. Alimtaka binti yake aandike kwamba chachu ni ya kijiji kingine. Hata mwalimu wake, Bi Peneva, mwanamke mpole, alimshauri aseme tu "kijiji kimoja cha milimani", ili nyumbani kuwe na amani. Nevyana akakataa yote mawili.

"Umande ungekuwa kweli, mngetaka jina la kijiji liwekwe kwenye jalada," alimwambia baba yake. "Basi litakaa hapohapo. Siliondoi."

"Basi usirudi hapa kula mkate wangu."

"Sawa. Nitakula wa Plovdiv."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mimi nilimpelekea mtoto jibini na soksi za sufu. Kaka yangu alijua, akajifanya hajui, mwoga yule.

Siku ya kutetea utafiti wake mbele ya walimu ilikuwa Julai, joto la kuivisha yai. Nilikuwa nimekaa mbele nilipomwona Zapryan akiingia na koti lake la harusi, akaketi safu ya nyuma. Nevyana naye alimwona. Akataja kijiji, akataja na nyumba ambazo chachu ilitoka, ya kwetu ikiwa ya kwanza. Walimu walipouliza kama kuna mwenye swali, kaka yangu akasimama.

"Sasa mimi miaka yote hii nimekuwa nikiuza mtindi wa nani?"

"Wako, baba. Kondoo wako, maziwa yako, mikono yako. Uongo ni umande tu."

"Basi njoo uwaambie wateja mwenyewe. Mimi sina mdomo huo."

"Nitakuja."

Digrii aliipata, na kwa alama nzuri. Jumamosi iliyofuata alikuwa kibandani. Ubao aliushusha kwa mikono yake, huku majirani wakipita na kumtupia jicho baya. Wa kwanza kusimamisha gari alikuwa bwana mmoja mnene kutoka Sofia, akauliza kama huu ndio ule mtindi wa umande. Nevyana akamjibu bila kupepesa macho kwamba hapana, chachu ilitoka kwenye kopo la dukani, bibi yake ndiye aliyelinunua, na maziwa ni ya kondoo wale pale mlimani. Bwana akasema makopo ya dukani hata Sofia yapo. Akageuka kulirudia gari lake.

Zapryan akatoka kibandani na bakuli mkononi, akamzibia njia.

"Onja kwanza," alisema, "ndipo uondoke."