Mlio wa Kihenge Kilichojaa

Kila ninaposoma habari za mashirika yanayogawa chakula, hunirudia harufu ya mafuta ya kopo yakikaanga vitunguu jikoni kwa mama mkubwa. Niliionea wivu harufu ile kwa ukame mzima.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mgori. Nyumba za wake wawili wa baba zilitazamana, na kila mke alikuwa na shamba lake na kihenge chake cha nafaka. Baba alikula kwa zamu. Mama yangu, mke mdogo, alipanda uwele. Mama mkubwa alimsikiliza bwana shamba, akapanda mahindi, nayo yakakauka kabla hayajafika kiunoni.

Chakula cha msaada kilipoletwa, balozi wa nyumba kumi alipita akigonga vihenge kwa fimbo. Mwenye kihenge kitupu ndiye aliyepata mgao. Cha mama mkubwa kililia kama ngoma. Nilisimama kando ya chetu nikiomba nacho kilie hivyo. Kikatoa mlio mzito, mfupi.

"Wewe umeshiba, mama," balozi alisema.

"Nimeshiba kwa jembe langu. Aliyekosa ndiye anayepewa mafuta?"

"Si mimi. Ndivyo walivyoagiza wenye msaada."

Mama mkubwa akapata mahindi ya njano, mafuta na maziwa ya unga. Binti yake, tuliyelingana naye umri, alikuja kukaa kizingitini kwetu akiyalamba maziwa yale kiganjani, polepole.

"Onja basi."

"Sitaki."

Nilitaka mpaka taya zikaniuma.

Mama alikuwa na maumivu yake. Siku za zamu yetu baba alianza kuchelewa, na alipofika aliugusa tu ugali wa uwele. "Nimeonja kule kidogo," alisema. Mama alifunika chakula.

"Tuufiche uwele," nilimnong'oneza. "Balozi akirudi akute kitupu."

"Nikiutoa sasa utaliwa na wadudu. Mvua ikinyesha tutapanda nini? Maziwa?"

Mvua ikanyesha. Mama mkubwa alipanda mahindi ya njano yaliyobaki, yakaozea ardhini. Ndipo alipovuka uwanja akiwa na ungo mtupu. Mama alimwamkia shikamoo kama kawaida, kisha akasema, "Leo hunukii mafuta, dada."

"Kopo limekwisha, mdogo wangu. Nipe mbegu."

Mama aliendelea kupepeta kwa muda. "Leo ni zamu yangu. Baba yao asionje kitu kwako."

"Nitamwonjesha nini, majivu?"

Wakacheka wote wawili. Mama alicheka zaidi. Akaujaza ungo.

Chuoni nilifundishwa kwamba msaada humfuata mwenye upungufu. Hakuna aliyetueleza malipo ya mkulima aliyejiwekea akiba. Nilikwisha kuyaona: shamba la mama mkubwa lilipakana na zizi la zamani lenye samadi, na mwaka ule uwele wetu ulistawi kwake kuliko kwetu. Kihenge chake kikajaa kwanza. Tulipopita, mama alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza ule mlio mzito.

"Mbegu ni yangu," alisema.

Zamu ilikuwa ya kule. Baba alikwenda mapema.