Mama Mshonaji na Kitufe cha Kijani

Walimwita Bi Taratibu, naye aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Miaka mingi alikuwa akiunganisha simu posta, mpaka mitambo mipya ikamstaafisha. Ndipo akaomba chumba cha nyuma cha maktaba, chenye kompyuta chache na feni inayolalamika, awafundishe watu wazima waliokuwa wakiogopa hata kushika kipanya.

Asubuhi moja mwanafunzi wake, mama mshonaji, aliingia amekumbatia laptopu yake kama mgonjwa. Alikaa nyuma. Binti yake alikuwa amejifungua ng'ambo, naye alitaka programu ya simu za video amwone mjukuu.

"Mwalimu, nimeharibu," alisema wenzake walipotoka. "Nilitafuta ile programu, kikaja kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa 'Pakua'. Nikabonyeza. Sasa kila nikiifungua laptopu, matangazo yanamwagika kama siafu."

"Ulikuwa peke yako?"

"Na mume wangu. Ndiye aliyesema, 'Bonyeza, mama, unasubiri nini?' Mzee yule akiona kitu kinameta, kidole kinamwasha."

Bi Taratibu alicheka kidogo, akavaa miwani. Alikata mtandao, akazisaka programu ngeni zilizoingia kwa mlango wa nyuma, akazifuta moja moja, kisha akaikagua mashine nzima kwa kinga ya virusi. Iliporudi kuwa safi, aliwasha mtandao na kusogeza kiti chake pembeni.

"Sasa fanya mwenyewe. Mimi mikono nimeifunga."

Mama mshonaji akaandika. Kitufe cha kijani kikatokea tena, juu kabisa. Kidole chake kikasita hewani.

"Soma maandishi madogo ubavuni."

"Yanasema 'Tangazo'."

"Basi huyo ni dalali, siyo mwenye duka. Mtafute mwenye duka."

Alishuka chini kwenye orodha ya matokeo, akafungua ukurasa mwingine, akaisoma anwani yake kwa sauti, herufi kwa herufi. Herufi moja ilikuwa imezidi: tovuti bandia. Akaguna, akarudi, mpaka akaipata tovuti ya watengenezaji wenyewe. Wakati wa kuiweka programu, kijisanduku kilichokwisha kutiwa alama kilitaka kuleta nyingine ya ziada. Akaiondoa alama.

"Wewe sikukualika," alikiambia.

Wakapiga simu. Binti akatokea, nywele timutimu, amempakata mtoto. Mama mshonaji alifuta macho, akakisogelea kioo.

"Mwanangu, mtoto umemvalisha nguo ndani nje."

Binti akatazama, akacheka mpaka kichanga kikashtuka.

Tangu siku hiyo mama mshonaji alikaa mbele darasani. Bi Taratibu alipofanyiwa upasuaji wa goti, yeye ndiye aliyechukua funguo za chumba. Fundi viatu mmoja, mwanafunzi mpya, alipotaka kubonyeza upesi, alimshika mkono kwa upole.

"Soma kwanza, kaka. Hatukimbizwi."